Ujazo wa Buti: Lita za Vitofali na Lita za Maji

Anayetafuta gari kubwa la kifahari la kubebea familia hukutana mapema na namba za lita. BMW X7 ilipotoka: lita 326, kisha 750, kisha 2,120, kadiri safu za viti zinavyolazwa. Audi Q7 ya viti saba iliyotoka mwaka 2015: lita 295 hadi 1,955. Mercedes-Benz GLS: lita 355 hadi 2,400. Lita hizo si za tangi la mafuta. Ni za buti, na istilahi inayozifaa kwa Kiswahili ni ujazo wa buti. Tatizo ni kwamba lita hizo hupimwa kwa njia zaidi ya moja, na gari lile lile likipimwa kwa njia mbili hutoa majibu yanayopishana sana. Istilahi isiyotaja njia ya kupima humwacha mnunuzi gizani.

Neno ujazo lenyewe halina ugeni. Mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania hulikuta kwenye hisabati anapozidisha urefu, upana na kimo. Kwenye magari, hata hivyo, limeshapata kazi nyingine: ujazo wa injini, zile cc ambazo mamlaka ya mapato huzitazama inapokokotoa ushuru wa gari lililoagizwa. Mtajie dalali wa magari neno ujazo peke yake, naye atakutajia injini. Kwa hiyo "wa buti" si pambo; ndiyo sehemu ya istilahi inayobeba maana.

Njia ya kwanza ya kupima inatoka Ujerumani. Chama cha watengenezaji magari cha huko, VDA, hutumia vitofali vya umbo moja: urefu milimita 200, upana 100, unene 50. Zidisha namba hizo utapata sentimita za ujazo 1,000, yaani lita moja kamili. Buti hupangwa vitofali hadi pasipatikane pa kutia kimoja zaidi, kisha vinahesabiwa. Vikiwa 326, buti ni la lita 326. Kazi hiyo inaweza pia kufanywa kwenye kompyuta, kwa kanuni ile ile. Kilicho muhimu ni kwamba kitofali hakipindi wala hakibonyei. Kona iliyochongoka, upenyo ulio nyuma ya uvimbe wa gurudumu, nafasi ya sentimita nne chini ya dari: vyote hivyo havihesabiwi. Kiwango cha kimataifa kinachofuata njia hiyo, ISO 3832, kinauita ujazo rejea, na nalipenda jina hilo kwa unyoofu wake. Linasema kwamba namba hiyo ni ya kulinganishia magari, si ahadi ya mizigo itakayoingia.

Njia ya pili hujaza kila kona, kana kwamba buti limemiminiwa maji. Land Rover huchapisha namba zote mbili kwa gari moja: moja ya vitofali, ambayo huitwa kavu, na moja ya kimiminika, ambayo huitwa yenye majimaji. Ya pili daima ni kubwa zaidi. Mfasiri wa haraka angeandika ujazo mkavu na ujazo majimaji, na msomaji angebaki akijiuliza kama gari linavuja. Hakuna anayemwaga maji ndani ya gari la thamani hiyo. Ni hesabu tu. Kwa hiyo napendekeza ujazo wa vitofali na ujazo wa maji. Majina haya mawili yanataja kitendo cha kupima, na anayeyasikia kwa mara ya kwanza anaweza kukisia kwa nini lita za maji zinazidi.

Wamarekani wana kanuni zao za chama cha wahandisi wa magari, SAE, na hutangaza kwa futi za ujazo, ambapo futi moja ya ujazo ni takriban lita 28.3. Hapo ndipo pengo linapoonekana wazi. X7 ile ile ambayo Ulaya hutangazwa kuwa na lita 2,120 viti vyote vya nyuma vikilazwa, Marekani huandikwa futi za ujazo 90.4, yaani kama lita 2,560. Lita zaidi ya 400 zimeongezeka na gari halijarefuka hata kidole kimoja. Mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayelinganisha gari lililotoka Uingereza na tangazo la Marekani asipolijua hili, atachagua kwa kosa la hesabu.

Linabaki swali la kimo: vitofali vimepangwa mpaka wapi? Namba inayoishia kwenye kimo cha mgongo wa kiti na ile inayofika darini hazilinganishwi. Tangazo lisiposema, uliza.

Jambo kubwa kwa familia, kwa maoni yangu, ni safu ya tatu ya viti. Volkswagen Golf ya kizazi cha saba, gari dogo la watu watano, ina buti la lita 380. Q7 yenye watu saba ndani imebaki na 295. Familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi mwezi Desemba, safu zote zikiwa zimejaa, ina gari refu la zaidi ya mita tano na buti dogo kuliko la Golf. Kigari cha mtoto kikiingia, mabegi yanapanda kwenye keria, na gari lililopakiwa juu huyumba zaidi kwenye kona. Namba ya karibu lita 2,000 au zaidi iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya dereva na abiria mmoja pembeni yake.

Namna viti vinavyokunjwa nayo ina uzito. Katika Toyota Land Cruiser 200, shangingi maarufu la maofisa, viti vya safu ya tatu huinuliwa na kufungwa ubavuni, kimoja kila upande. Sakafu inabaki chini, lakini upana unaliwa. Land Cruiser 300, iliyozinduliwa mwaka 2021, huvilaza sakafuni: upana unarudi, na sakafu inapanda. Kila mpango una mzigo unaoufaa, na lita peke yake hazikuambii ni upi. Madumu marefu yanataka kimo. Godoro linataka upana.

Ndiyo sababu ningetenga maneno: ujazo ubaki kuwa namba iliyopimwa, na nafasi iwe kile familia inachokipata. Mtangazaji wa magari angeandika hivi, kwa mfano: "Ujazo wa vitofali, safu ya tatu ikiwa wima, mpaka kimo cha mgongo wa kiti: lita 300." Sentensi hiyo inaingia kwenye mstari mmoja wa tangazo. Chini yake viongezwe vipimo vitatu vya sentimita: upana kati ya vivimbe vya magurudumu, kimo cha mlango wa nyuma ukiwa wazi, na urefu kutoka mlango huo hadi mgongo wa kiti kilicho mbele yake.