Wanagenzi wa Ualimu Waliofunzwa Makerere

Nchi za Afrika Mashariki zilipokuwa zikikaribia uhuru, shule zao za sekondari zilikuwa chache, na walimu wake walikuwa haba zaidi. Mwaka 1961 ulianzishwa mpango wa kuleta walimu kutoka Marekani na Uingereza. Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilishika kazi ya kuwachagua Wamarekani.

Baadhi ya vijana hao walikuwa na shahada, lakini ualimu hawakuujua. Walipelekwa Makerere, Uganda, wakausomee kwanza. Jambo hili lastahili kukumbukwa, maana wengi hudhani kwamba elimu ilisafiri njia moja tu, kutoka ng'ambo kuja huku. Kumbe kijana wa Kiamerika aliyekwenda kufundisha Kenya au Tanganyika aliweza kufunzwa kushika chaki katika ardhi ya Afrika! Tena alikuwa na mengi ya kujifunza, kwani mitihani ilitoka Cambridge, nayo ilifuata desturi za Kiingereza ambazo hakulelewa nazo.

Udhaifu wa mpango ulikuwa katika hesabu ya miaka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na safari ya mwanafunzi hadi kidato cha nne ilikuwa ya miaka minne. Mwalimu aliyempokea, asipoongeza muda, siye aliyemfikisha mtihanini. Kuanzia mwaka 1964 wakaanza kuletwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu, ili wenyeji wenyewe wafunzwe.