Matawi Mawili ya Debian

Msomaji, fundi aundaye vifurushi vya programu hana budi kuchagua: avijenge juu ya tawi lililotulia, au juu ya lile ambalo bado lafanyiwa kazi? Tazama Debian, mfumo wa kompyuta utolewao bure, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Tawi tulivu la Julai 2002 halikupata mrithi mpaka Juni 2005. Aliyelifuata alilala usingizi mtamu, lakini kwa karibu miaka 3 alitumia programu zilizochakaa. Tawi la kazi huitwa Sid, jina la mtoto wa sinema avunjaye vitu vya kuchezea, na jina halikukosewa! Humo mapya huingia kila siku. Programu iliyofunguka jana huenda leo isifunguke. Mimi ningekabidhiwa hesabu za benki, ningestahimili zilizochakaa. Lakini fahamu ya kuwa hizo nazo aghalabu zilipita kwanza mikononi mwa Sid.