Mzee Mbele ya Ubao: Kisomo, Afya na Kipimo cha Elimu Pwani

Siku ya mwisho ya mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka uliofuata, 1970, kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazo lenyewe halikuwa geni kwake. Tangu mwaka 1964, alipouwasilisha Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alikwisha kueleza kwamba taifa changa haliwezi kukaa likingoja watoto wakue ndipo lianze kujijenga. Sharti lianze na watu wazima, kwa kuwa ndio washikao jembe, nyavu na makasia. Katika mwaka 1971 wilaya sita zikateuliwa zitangulie kufuta ujinga wa kutosoma: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Tanga. Mbili katika hizo ni visiwa, na moja, Mafia, ni kisiwa cha Waswahili wa asili ya pwani. Baadaye chama cha TANU kikaazimia kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1975 nchi nzima iwe imejua kusoma na kuandika.

Habari za kampeni hiyo zimeandikwa sana kwa tarakimu, na tarakimu zenyewe ni za kujivunia. Katika sensa ya mwaka 1967 kiasi cha thuluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara walikuwa hawajui kusoma. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha wamebaki asilimia 39; wa mwaka 1977, asilimia 27; wa mwaka 1981, asilimia 21; wa mwaka 1983, asilimia 15; na wa mwaka 1986, asilimia 9.6. Nchi chache sana za Afrika zilithubutu kuvuka bahari ya namna hiyo kwa muda mfupi vile na kwa chombo duni vile: darasa chini ya mwembe, ubao uliopakwa rangi nyeusi, na mwalimu wa kujitolea aliyelipwa posho ndogo. Wanafunzi walio wengi walikuwa wanawake, na hilo peke yake latosha kuifanya kampeni ile kuwa tukio kubwa katika historia ya jamii zetu.

Lakini kila kipimo kina macho ya aliyekitengeneza. Yafaa kuuliza: yule mzee wa Mafia aliyeketishwa mbele ya ubao mwaka 1971 na kuandikwa katika daftari kuwa hajui kusoma, alikuwa hajui nini hasa?

HATI MBILI

Mafia ni kisiwa kilichosoma zamani. Magofu ya misikiti ya Kua, katika kisiwa kidogo cha Juani, yashuhudia kwamba watu wa huko walikuwa na maimamu na walimu karne nyingi kabla ya bendera ya Mjerumani. Palipo na msikiti pana chuo, na palipo na chuo pana mtoto aliyeshika ubao wake akafunzwa alifu na bee. Kwa hati hiyo hiyo ya Kiarabu Waswahili waliandika lugha yao wenyewe. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona alimwandikia binti yake wasia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Maliwali na maakida wa pwani waliandikiana barua, hati za mashamba na hesabu za biashara kwa herufi hizo, na wakoloni wa mwanzo wa Kijerumani walilazimika kuzitumia kabla hawajaanza kuzisukuma pembeni.

Herufi za Kirumi zilikuja na shule za misheni na za serikali. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa, na Kiswahili sanifu kikajengwa juu ya msingi wa Kiunguja kwa maandishi ya Kirumi. Tangu hapo, kidogo kidogo, neno "kusoma" likabadilika maana bila ya mtu kutangaza. Aliyesoma chuoni akawa "amesoma Kurani tu". Aliyesoma shuleni akawa msomi.

Vitabu vya kisomo vya miaka ya 1970 vilichapwa kwa herufi za Kirumi, na mitihani ilikuwa ya herufi hizo. Hilo lilikuwa jambo la lazima. Taifa haliwezi kuchapa kila kitabu mara mbili. Ila matokeo yake ni kwamba daftari moja liliwakusanya watu wa namna mbili mbali mbali: yule asiyejua hati yoyote, na yule ajuaye hati ambayo serikali haikuihesabu. Wa kwanza alipewa mwanga. Wa pili alipewa mwanga wa pili na papo hapo akaambiwa kwamba ule wa kwanza haukuwa mwanga.

MAKTABA YA KIFUANI

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalowahusu zaidi wapenzi wa ushairi. Hawa ni wale wasiojua hati yoyote lakini vifua vyao vilikuwa maktaba. Siti binti Saad hakupelekwa shule. Akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, akawa sauti ya Unguja nzima, na alipofariki mwaka 1950 Shaaban Robert hakuona aibu kuchukua kalamu na kuandika wasifu wake. Kwa daftari la kisomo Siti angekuwa sifuri. Kwa Shaaban Robert alikuwa mtu wa kuandikiwa kitabu.

Vivyo hivyo, lau si vifua vya wazee, Muyaka bin Haji wa Mombasa angepotea. Muyaka alifariki mwaka 1840. Tungo zake ziliokolewa mwishoni mwa karne ile na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyewaendea watu waliozihifadhi kwa moyo, akaziandika, na Mwingereza W. E. Taylor akazipokea kwake. Kila asomaye Muyaka leo katika kitabu safi anasoma kumbukumbu za watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Jambo hili halilaumu kisomo. Kumfundisha mtu kusoma risiti ya korosho zake au ya nazi zake, ili asipunjwe, ni haki kubwa. Lawama, kama ipo, ni kwamba mwalimu alikuja na kitabu tu asije na daftari tupu. Darasa ambalo mwanafunzi ana miaka 60 na mwalimu ana miaka 17, mtoto aliyemaliza darasa la saba juzi, lilikuwa fursa ya pande mbili: mzee ajifunze herufi, na kijana aandike ayajuayo mzee. Upande wa kwanza ulifanywa kwa bidii. Upande wa pili aghalabu haukufanywa.

MTU NI AFYA

Ukilinganisha kisomo na kampeni nyingine ya wakati ule, tofauti yaonekana wazi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa kampeni ya afya kwa redio, ikaiita Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu kama milioni mbili wakashiriki, wengi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa wiki kumi na mbili vikundi vilikusanyika kuzunguka redio, vikasikiliza kipindi, kiongozi akasoma sehemu ya kitabu, kisha watu wakajadiliana: malaria yatoka wapi, safura yaingiaje mwilini, kuhara damu na kichocho vyaepukwaje, na kikundi kitafanya nini juma lijalo. Vyoo vikachimbwa, majani yakafyekwa kando ya nyumba, madimbwi yakafukiwa.

Kwa mtu wa pwani utaratibu huo haukuwa mgeni hata kidogo. Ni baraza. Mmoja asoma, wengine wasikiliza, neno lazunguka, mwenye umri mkubwa aulizwa kabla halijakatwa shauri. Katika Mtu ni Afya mzee asiyejua kusoma hakuwa mwanafunzi wa nyuma kabisa; alikuwa mjumbe kamili. Alitakiwa alete masikio yake, akili yake na heshima yake mbele ya jirani, kwani ni vigumu kijana kumwambia mtu mzima achimbe choo, lakini mtu mzima mwenzake akimwambia huchimba. Wahenga walikwisha sema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kampeni ya afya ililichukua neno hilo ikalifanyia kazi, ijapokuwa haikulitaja.

Watafiti nao walianza kujifunza adabu hiyo. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi Bunju miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960, alifikia kuona kwamba mtafiti asiyekaa chini na kufundishwa na wenyeji huondoka na majibu ya maswali yake mwenyewe. Kutokana na fikra hizo ukazaliwa mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, mwaka 1975 hadi 1979, ulioshirikisha Tanzania na Finland. Humo wanakijiji waliulizwa habari za ngoma zao, ufundi wao na matatizo yao, nao wakashiriki katika kuyatafutia ufumbuzi. Utafiti shirikishi, ambao leo wasemwa katika vyuo vikuu vya dunia, una mizizi yake mmojawapo katika mchanga wa pwani hii.

LUGHA YA TAIFA, ULIMI WA MZEE

Kisomo kilikuwa pia kiwanda cha utaifa. Kwa mzee wa Kisukuma wa Ukanda wa Ziwa, kujifunza kusoma kulikuwa sawa na kujifunza lugha ya pili, na kwa lugha hiyo aliingia katika taifa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, alikwisha kuthibitisha kwamba mtu wa bara aweza kuishika bahari ya mashairi. Mwaka 1968 Nyerere aliwaita washairi wayaeneze mawazo ya Azimio la Arusha. Ngonjera zikasomwa shuleni na mikutanoni nchi nzima, na vitabu vya Mnyampala vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baada ya kufa kwake.

Kwa mzee wa pwani mambo yalikuwa kinyume. Lugha iliyomjia kitabuni ilikuwa yake, lakini imevishwa nguo za mjini. Maneno ya kisiwa chake hayakuwamo. Na lile alilolirithi kwa bibi yake likaitwa kosa au "lahaja". Watu wa Makunduchi, Tumbatu, Pemba na Mafia wanayajua haya vizuri. Taifa lilihitaji lugha moja, nalo lilikuwa na haki. Lakini sarafu moja inapotolewa, zile za zamani hazitupwi baharini. Huwekwa sandukuni, kwa kuwa ndizo zitakazosimulia utajiri ulitoka wapi.

BAADA YA MWANGA

Miaka ya 1980 uchumi ukayumba. Fedha za posho zikakauka, vitabu vikakosa kuchapwa upya, magazeti ya vijijini kama lile la Elimu Haina Mwisho, lililoanzia Mwanza mwaka 1974, yakafifia. Asiyekuwa na cha kusoma husahau kusoma. Sensa ya mwaka 2002 ikaonyesha kwamba takriban watu wazima watatu katika kila kumi hawajui tena kusoma na kuandika. Hati ya kitabuni, iliyopandwa kwa haraka, ilinyauka haraka ilipokosa maji. Ilhali wale waliojifunza tungo kwa moyo utotoni bado walikuwa nazo.

Zanzibar, ambako elimu, isipokuwa ya juu, si jambo la Muungano, ilifuata njia yake. Elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na katika utawala wa Mzee Karume wazee wasio na jamaa walijengewa makazi Sebleni. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ikaanza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ilikuwa serikali ya kwanza katika Afrika Mashariki kufanya hivyo kwa fedha zake. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa kuwalipa wazee wake wa miaka 70 shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Mwaka 2020 Zanzibar ikatunga Sheria ya Mambo ya Wazee.

Na hapa daftari likarudi tena. Kabla ya kulipwa, sharti mzee athibitishe umri wake. Wengi walizaliwa pasipo cheti. Mtu aliyekuwa na umri wa kuchunga mbuzi wakati wa Vita vya Ng'ombe vya Kiembesamaki, mwaka 1951, anaujua umri wake vilivyo, lakini anaujua kwa njia ya masimulizi. Karatasi inataka tarehe. Yeye ana tukio. Karani mwenye subira atamsikiliza, atahesabu naye, na atapata jawabu. Karani mwenye haraka atamwandika kuwa hana ushahidi. Kati ya makarani hao wawili ndipo ulipo mpaka wa mzee kupata haki yake na kuikosa.

Aliyekuwa kijana wa miaka 25 katika darasa la kisomo la Mafia mwaka 1971 sasa anakaribia miaka 80. Aliyekuwa na miaka 60 amekwisha kwenda mbele ya haki, na alilokuwa nalo amekwenda nalo, isipokuwa kama mjukuu alilishika. Vijana wa leo wana simu zinazorekodi sauti kwa saa nzima bila ya gharama. Wana herufi za Kirumi, na baadhi yao wana zile za chuoni pia. Kazi iliyoachwa mwaka 1971, ile ya upande wa pili wa darasa, ingali inaweza kufanywa: kukaa chini, kuuliza jina la samaki kwa lugha ya kisiwa, dawa ya homa, wimbo wa kutwangia, shairi la harusi na jina la aliyelitunga, na kuyaandika kama yalivyosemwa, lafudhi na yote. Na waanze na aliye mzee zaidi.