Mashine Iliyofundishwa Kuwa Laini

Mwaka 1994, katika hospitali ya Burke mjini White Plains, kaskazini mwa jiji la New York, wagonjwa wa kiharusi walianza kuketishwa mbele ya meza yenye mkono wa chuma. Mkono wao uliopooza ulifungwa kwenye kishikio, na machoni pao kompyuta ikaonyesha duara la nukta. Walitakiwa kupeleka alama kutoka katikati hadi pembeni, kisha kuirudisha, tena na tena. Aliyeweza kusogea alisogea mwenyewe. Aliyekwama njiani mashine ilimsaidia kufika.

Mashine hiyo ni MIT-MANUS. Ilianza kuundwa mwaka 1989 katika maabara ya Newman ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, na Neville Hogan, mhandisi mzaliwa wa Dublin, pamoja na Hermano Igo Krebs aliyesomea uhandisi São Paulo. Roboti za viwandani zilikuwapo kwa miaka mingi kabla yake, zikichomelea vyuma na kubeba mizigo, ila hakuna daktari mwenye akili timamu ambaye angemfunga mgonjwa kwenye mojawapo.

Chimbuko la maabara hiyo liko nyuma zaidi. Mwaka 1961 Norbert Wiener, mwanahisabati mashuhuri wa MIT, alivunjika nyonga akalazwa Boston. Akiwa kitandani alizungumza na madaktari wa mifupa kuhusu wazo lake: misuli iliyobaki kwenye mkono uliokatwa bado hutoa umeme kila mtu anapokusudia kuusogeza, basi kwa nini umeme huo usiendeshe mota? Aliyelishika wazo hilo likawa kitu ni Robert Mann, mhandisi ambaye kazi zake za mwanzo zilikuwa za makombora ya kijeshi. Mwaka 1968 ulionyeshwa Mkono wa Boston, mkono bandia wenye kiwiko cha mota kilichotii misuli ya mwenyewe. Miongoni mwa waliougharimia ni kampuni ya bima ya Liberty Mutual, iliyokuwa ikiwalipa fidia wafanyakazi waliokatika viungo kazini.

Mann ndiye aliyeianzisha maabara ya Newman, akaijengea tabia ninayoiheshimu sana: kupima kwanza, kusema baadaye. Mfano bora ni ule wa nyonga. Mwaka 1984 bibi mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 70 aliwekewa nyonga bandia yenye vipimo vya kanieneo ndani yake, vilivyotuma taarifa nje ya mwili kwa redio. Kwa mara ya kwanza ikajulikana kinachoipata gegedu ya mtu aliye hai anapoendelea na shughuli zake. Wengi wangedhani kutembea ndiko kunakoiumiza zaidi. Kumbe kanieneo kubwa kabisa ilitokea aliponyanyuka kitini: ilifika megapaskali 18, karibu mara 180 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Ukimwona mzee anashika magoti na kuguna kabla ya kusimama, ujue anafanya kazi nzito kweli.

Hogan alikulia kitaaluma humo humo, akianza na viungo bandia. Swali lililomsumbua lilihusu mguso. Roboti ya kawaida huambiwa ifike mahali fulani, nayo hufika hata ikikuta mwili wa mtu katikati. Mkono wa binadamu haufanyi hivyo. Unapofungua mlango au kusugua sufuria, misuli hukaza na kulegea kufuatana na kile unachokigusa. Mwaka 1985 Hogan alichapisha makala zilizoonyesha jinsi ya kuipa mashine tabia hiyo: mhandisi hapangi tu iende wapi, anapanga pia ikubali kusukumwa kwa kiasi gani. Mwalimu wa chekechea anayeshika mkono wa mtoto mwenye chaki hufanya vivyo hivyo. Humwachia pale anapoweza na kumkaza kidogo pale anapopotea. Bila hesabu zile, jaribio la White Plains lisingekuwapo.

Mwaka huo huo, yeye na Tamar Flash walieleza kwa hisabati kwamba mtu mzima mwenye afya anaponyoosha mkono kuchukua kitu, mwendo wake huwa mmoja na laini. Huanza taratibu, hushika kasi katikati, hutulia mwishoni. Maelezo hayo yalikuja kuwa kipimo cha ugonjwa. Kwa kuwa MIT-MANUS ilirekodi kila msogeo wa mgonjwa, watafiti waliona kwamba mkono ulioanza kuamka baada ya kiharusi husogea kwa vipande, kila kipande kikiwa na umbo lake kamili. Nafuu inapoongezeka, vipande hukua, husogeleana na kuungana. Taarifa ya kwanza kuhusu vipande hivyo ilichapishwa mwaka 1999, na kwangu ugunduzi huo ndio zawadi kubwa kuliko zote walizotoa, kwa sababu ulionyesha kupona kunavyotokea hatua kwa hatua.

Matokeo ya wagonjwa 20 wa jaribio la kwanza yalichapishwa mwaka 1997. Waliosaidiwa na roboti walipata nafuu zaidi begani na kiwikoni. Majaribio makubwa yakapunguza shangwe. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya maveterani 127 wa Marekani waliokuwa wameugua kwa miezi sita au zaidi. Baada ya wiki 12, roboti haikuwa imeyashinda matibabu ya kawaida kwa tofauti ya uhakika, na mazoezi makali yaliyoendeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia yalilingana nayo. Baada ya wiki 36 hali ya waliotumia roboti ilikuwa bora kidogo kuliko ya wale wa matibabu ya kawaida. Mwaka 2019 Uingereza ikatoa hesabu ya wagonjwa 770: roboti iliboresha kidogo uwezo wa mkono kusogea, lakini nafuu hiyo haikufika kwenye kazi za mkono za kila siku.

Wapo walioyasoma matokeo hayo kama anguko. Mimi siyasomi hivyo; natazama idadi ya marudio. Katika utafiti wa mwaka 2010 mgonjwa wa roboti alirudia msogeo zaidi ya mara 1,000 kwa kikao kimoja. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine wa Amerika Kaskazini walikuwa wamehesabu mazoezi ya mkono katika vikao vya kawaida vya tiba, wakakuta wastani wa marudio 32. Wataalamu walioyaendesha yale mazoezi makali walijitahidi kuikaribia kasi ya mashine, na wagonjwa wao, wengine wakiwa na ulemavu wa miaka mingi, walipata nafuu sawa na wale wa roboti.