Asili ya Maneno "Ukungu" na "Moshi" katika Habari ya Hewa Chafu

Wakati wa kipupwe milima ya Mbeya, na ya Mufindi katika Iringa, hufunikwa na ukungu. Kiangazi, nyika zichomwapo, weupe uonekanao kwa mbali huwa ni moshi. Macho huweza kukosea, bali lugha imeyatenga mambo haya mawili.

"Ukungu" ni neno la Kibantu. Kando ya Ziwa Nyasa, linalopakana na Kyela, wadudu wadogo huinuka makundi makundi mfano wa wingu la moshi. Livingstone, aliyelipitia ziwa hilo mwaka 1861, aliandika jina lao "kungo". Na katika Kichewa "nkhungu" ni ukungu, tena ni wadudu hao. Basi shina hili lataja sura ya kitu kitandacho, si chanzo chake.

"Moshi" ni kinyume. Latokana na "-oka", kama "mpishi" latokavyo katika "-pika": k imegeuka sh mbele ya i. Neno hili lakumbuka moto.

Waingereza waliyachanganya maneno yao ya moshi na ukungu wakapata "smog", neno alilolitangaza daktari Des Voeux mwaka 1905. Desemba 1952 hewa hiyo iliua watu wapatao 4,000 mjini London, kwa hesabu ya wakati ule.

Mfasiri aandikapo "ukungu" peke yake, huihesabu kazi ya mikono ya watu kuwa kazi ya mbingu. Heri aandike "ukungu wa moshi", ili moto usisahauliwe, wala aliyeuwasha.