Hewa, makoro na mgongo wa mama: historia fupi ya mpira wa gari

Leo naanza na habari ya nyumbani, kisha tutafika mbali kidogo. Munivumilie.

Yaya yangu alinunua gari ndogo ya mchezo, ile ya milango miwili, yenye kukaa chini karibu na ardhi na kukimbia sana. Gari ya okazio lakini nzuri, quartier nzima ilikuja kuiangalia. Siku ya alhamisi mama huwa anaenda hospitali kwa mazoezi ya mgongo, basi yaya akasema: leo mama hapandi moto, mimi njo namupeleka. Munajua barabara za ndani ya Mabanga. Kwa Kilingala neno mabanga maana yake ni mawe, na kweli mawe hayakosi. Hawakufika hata kwenye lami. Mama aliomba gari isimame, akashuka, akatembea kwa miguu polepole mpaka barabara kubwa. Jioni akatuambia: «Mimi siingie tena mu ile gari. Ni sawa niko juu ya chukudu.»

Tulicheka wote. Yaya hakucheka. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ili siku moja amubebe mama yake.

Tulipeleka gari kwa kwado, yule muzee anayeziba mipira karibu na kwetu. Tulidhani amotiseri zimekufa. Muzee alizikagua, akasema ziko nzima. Kisha akabonyeza ubavu wa mupira kwa kidole gumba, akasoma maandishi yake, akatikisa kichwa. «Mwanangu, hii mupira haiogopi musumari. Lakini banaitengenezea bantu benye kuko na lami. Siye tuko na makoro.»

Muzee alikuwa na mupira mwingine wa aina hiyo, umekufa, akatukatia kipande tuone. Ubavu wa mupira wa kawaida ni mwembamba, unakunjika. Ubavu wa huu ulikuwa mnene, mgumu, umejazwa mpira wa ziada ndani. Kazi yake ni hii: hewa ikitoka yote, ule ubavu peke yake unabeba gari. Kwa kawaida watengenezaji wanakuruhusu kuendelea kama kilomita 80, bila kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mpaka ufike garaji. Ni akili kubwa. Lakini ubavu unaoweza kubeba gari bila hewa haukunjiki vizuri hata hewa ikiwemo. Jiwe likipiga, mupira haulimezi: unalipitisha kwa janti, janti kwa chuma, chuma kwa kiti, kiti kwa mgongo wa mama.

Hapo njo nilielewa kwamba mama hakuwa anatania aliposema chukudu. Gurudumu la chukudu ni mbao iliyozungushiwa kipande cha mupira wa gari uliochakaa. Halina hewa, basi haliwezi kutoboka. Tangu miaka ya 1970 linabeba viazi, makala na mbao za Goma, na tumelijengea mnara wa rangi ya dhahabu katikati ya mji. Lakini muulize kijana yeyote wa chukudu namna mikono na kifua vyake vinavyokuwa jioni. Kutotoboka kuna bei yake, na kuna mtu anayeilipa.

Turudi nyuma. Mwaka 1887, mjini Belfast, daktari wa mifugo mmoja kutoka Scotland, John Boyd Dunlop, alikuwa na mtoto mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu yake yalikuwa na mpira mgumu usio na hewa, na barabara za Belfast zilikuwa za mawe. Mtoto alikuwa anatikiswa. Baba akachukua mpira mwembamba, akaufanya kama bomba, akaujaza hewa, akauzungusha kwenye gurudumu. Mwaka 1888 akapata hati ya uvumbuzi. Baadaye ikajulikana kwamba mtu mwingine wa Scotland, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya wazo hilo hilo tangu 1845, lakini wakati wake watu hawakulitumia sana. Angalieni vizuri: mpira wa hewa kama tunavyoujua leo haukuanza kwa ajili ya mwendo wa kasi. Ulianza juu mtoto alikuwa anaumia kwenye barabara ya mawe. Ni shida ya mama yangu kabisa.

Baiskeli zikajaa Ulaya na Marekani, kisha gari. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin waliingiza gari yenye mipira ya hewa katika mashindano ya kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi Paris. Mipira yao ilitoboka mara nyingi sana njiani, lakini watu waliona kwamba inawezekana. Sasa kila mtu alitaka mpira. Na mpira ulikuwa wapi? Sehemu kubwa ilikuwa Brazil. Na sehemu nyingine ilikuwa kwetu, ndani ya pori.

Hapa niseme kidogo kama mtu wa agronomia. Mpira wa pori la Kongo haukutoka kwenye mti wa hevea unaoonekana leo kwenye mashamba. Ulitoka kwenye mizabibu ya pori, hasa ile ya jenasi Landolphia, inayopanda juu ya miti mirefu. Hevea ukiupanda unangoja karibu miaka 6 au 7 kabla ya kuukata gome na kupata utomvu wake. Mzabibu wa pori hauna haja ya kungoja: uko tayari, unahitaji tu mtu wa kupanda juu na kuukata. Lakini ukiukata vibaya unakufa, na kesho yake lazima uende mbali zaidi.

Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa na Kongo kama mali yake tangu 1885, aliona kwamba muda ni mfupi. Kule Asia mashamba ya hevea yalikuwa yanakuja, kutokana na mbegu alizotoa Henry Wickham nchini Brazil mwaka 1876. Kabla mashamba hayo hayajazaa, mzabibu wa Kongo ulikuwa dhahabu. Serikali yake ikajitwalia ardhi iliyoitwa «isiyo na mwenyewe», ikagawia makampuni maeneo makubwa, na vijiji vikalazimishwa kutoa mpira kwa kilo. Wanawake walifungwa mpaka waume warudi na mzigo. Watu walipigwa, waliuawa, na askari walikata mikono ya wafu, na mara nyingine ya walio hai, ili kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1901 Kongo ilitoa karibu tani 6,000 za mpira. Ripoti ya Roger Casement ya 1904, maandishi ya E. D. Morel na picha za Alice Seeley Harris viliamsha dunia, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Ubelgiji nchi hii.

Kitovu cha mateso hayo kilikuwa Equateur na maeneo ya karibu yake, hakikuwa Kivu. Lakini sisi pia hatukukosa zamu yetu. Mwaka 1942 Japani ilikamata Malaya na Singapore, na nchi zilizopigana nayo zikakosa sehemu kubwa ya mpira wa Asia. Ndege na kamioni za vita haziendi bila mipira. Serikali ya kikoloni ikaongeza siku za kazi za lazima mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa porini kutafuta mizabibu ile ile ambayo wazee wao walikuwa wameilaani. Babu ya mama yangu alikuwa kijana huko Walikale. Mama anakumbuka aliyosikia: kwamba alikuwa analala porini siku nyingi, kwamba utomvu ulikuwa unakauka kwenye ngozi na kuungoa ni kungoa nywele, na kwamba hadi kufa kwake hakupanda gari hata moja.

Niliposikia hayo tena mwaka huu, nilikaa kimya. Mpira umewekwa duniani ili ubebe mshtuko. Lakini kila mara ukiangalia nyuma yake, unakuta kuna mtu ambaye mshtuko umehamia kwake.

Mpira usioogopa kutoboka nao una historia. Mwaka 1973 Dunlop, kampuni yenye jina la yule daktari wa mifugo, ilitoa mpira ulioitwa Denovo, na kuanzia 1974 ungeweza kuupata kwenye gari ndogo ya mchezo ya Kiingereza, Mini 1275 GT. Wazo lilikuwa zuri: dereva asibadilishe mpira gizani kando ya barabara. Baadaye wengine wakachukua njia ya ubavu mgumu, na gari nyingi zikaanza kuuzwa bila mpira wa akiba kabisa. Hesabu hiyo inakubali huko ambako kuna lami, na garaji iko kilomita chache mbele. Kwetu garaji ni kwado, na kwado hawezi kuurudisha mupira huo kazini. Ukishautembeza bila hewa, ubavu unaweza kuwa umeungua kwa ndani hata kama nje unaonekana mzima. Unatupwa.

Basi tulifanya hivi, na wenye gari za namna hiyo wasikilize. Tulibadilisha mipira yote minne, si miwili, juu kuchanganya migumu na laini kunaharibu usukani. Janti za inchi 17 zenye mipira ya 205/45 tuliziuza, tukaweka za inchi 16 zenye 195/55, kipimo ambacho kitabu cha gari kinakikubali. Fanyeni hesabu: asilimia 45 ya milimita 205 ni 92, asilimia 55 ya milimita 195 ni 107. Gurudumu zima linabaki karibu na urefu ule ule, lakini kati ya jiwe na janti kuna milimita 15 za ziada. Tuliangalia pia kwamba namba ya uzito na ya mwendo kwenye mpira haziko chini ya zile za kitabu. Tukanunua mpira wa akiba, jeki na pompi, juu sasa msumari ukiingia tutasimama kama watu wengine. Yaya analalamika kwamba gari inalegea kidogo kwenye kona. Muzee kwado alimujibu: «Kona gani, hapa Mabanga?»

Alhamisi iliyofuata mama aliingia, akafunga mkanda, akashika mlango kwa mkono wote. Kwenye makoro ya kwanza alifumba macho. Kwenye ya pili akayafungua. Tulipofika lami alikuwa anamuuliza yaya bei ya mafuta.

Wapendwa, kama nyumbani kwenu bado kuna mzee aliyezaliwa kabla ya 1942, au aliyelelewa na watu wa wakati ule, hasa wa Walikale, Maniema au Tshopo, muulizeni habari za mpira wa pori. Mumurekodi kwenye simu. Mimi niliulizia kwa mama tu, juu babu mwenyewe nilimukosa.