Damu ya Akiba: Kinga ya Askari

Wengi huitaja bunduki kuwa ndiyo iliyomfaa askari zaidi. Lakini bunduki hiyo hiyo ndiyo iliyomwua. Zamani, majeruhi aliyeishiwa damu aliongezewa nyingine pale tu mtoaji alipolala kando yake, kwani damu huganda upesi. Machi 1914, mjini Brussels, daktari Albert Hustin aliizuia isigande kwa sitrati ya sodiamu. Mwaka 1916, Rous na Turner waliongeza sukari, ikawezekana kuihifadhi siku nyingi katika baridi. Kwa hiyo, mwaka 1917, Oswald Robertson aliweka akiba ya chupa za damu karibu na uwanja wa vita wa Cambrai. Vita vilikwisha, akiba ikabaki, nayo leo humwokoa hata mama mzazi.